Louis Vierne na Wenzake: Nani Bingwa wa Wapiga Kinanda wa Ufaransa?

Uwanja wa mashindano haya ni roshani iliyo juu ya mlango mkuu wa kanisa. Mchezaji huwapa watazamaji mgongo tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi hawamwoni kabisa. Anatumia mikono miwili na miguu miwili kwa wakati mmoja, na silaha yake haibebeki hata kwa lori. Ni mashindano yenye rekodi, mabingwa na ugomvi wa kutosha kujaza kurasa za michezo.

Mchezaji wetu ni Louis Vierne, aliyezaliwa Poitiers tarehe 8 Oktoba 1870 akiwa karibu haoni, na aliyekuwa mpiga kinanda mkuu wa kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, kuanzia 1900 hadi 1937. Tunampambanisha na wapiga kinanda wengine wa Ufaransa, rekodi kwa rekodi. Upendeleo hakuna.

1. Mkongwe kuliko wote

Hapa Vierne hana lake. Nishani inakwenda kwa Jehan Titelouze, aliyekabidhiwa kinanda cha kanisa kuu la Rouen mwaka 1588. Wakati huo Mombasa ilikuwa bado haina Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Titelouze akakikalia kiti chake mpaka alipofariki mwaka 1633, miaka 45 mfululizo, na mwaka 1623 akachapisha kitabu cha muziki wa kinanda uliojengwa juu ya tenzi za Kilatini za kanisa. Wanahistoria humwita baba wa muziki wa kinanda wa Ufaransa. Vierne anafungwa kwa karne tatu na ushei.

2. Kinanda kikubwa kuliko vyote

Kinanda cha mabomba hakifanani na kile cha umeme kinachowekwa pembeni ya kwaya. Ni mtambo wa upepo. Hewa husukumwa na mivukuto, mpigaji akibonyeza kibao mlango mdogo hufunguka, na bomba moja hulia kama filimbi. Kila noti ina bomba lake, na kila aina ya sauti ina safu yake ya mabomba.

Kile cha Notre-Dame kilichompa Vierne kazi kiliundwa upya na fundi Aristide Cavaillé-Coll na kuzinduliwa tarehe 6 Machi 1868, mwaka uleule ambao wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo. Kilikuwa na aina 86 za sauti. Leo zimefika 115, zikiwa na safu tano za vibao vya mikono, safu moja ya vibao vya miguu, na mabomba karibu 8,000. Bomba refu zaidi lina urefu wa futi 32, karibu mita 10. Daladala aina ya Coaster, bampa kwa bampa, haifiki hapo: ina mita 7 tu. Bomba hilo hutoa mitetemo 16 kwa sekunde, sauti nzito kiasi kwamba kifua huisikia kabla ya sikio. Yale madogo kabisa, kwa upande mwingine, ni mafupi kuliko penseli. Jengo linalopokea sauti zote hizo lina urefu wa mita 127 hivi. Tandika humo uwanja wa mpira wa mita 105, na bado wachezaji wa akiba watapata mahali pa kupasha misuli.

Je, hicho ndicho kikubwa kuliko vyote duniani? Hapana, wala hakikaribii. Kinanda cha Wanamaker mjini Philadelphia, Marekani, kilichofungwa ndani ya jengo lililokuwa duka kubwa la nguo na bidhaa, kina mabomba zaidi ya 28,000. Kile cha ukumbi wa Boardwalk Hall, Atlantic City, kina zaidi ya 33,000, ingawa sehemu kubwa yake ilikaa kimya kwa miaka mingi. Kila bomba lingepewa kiti chake katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, mabomba ya Wanamaker yangejaza karibu nusu ya uwanja, na ya Notre-Dame yangekaa jukwaa moja na kupiga makofi kwa adabu.

Wamarekani wanachukua nishani. Vierne mwenyewe alikwenda kwao mwaka 1927 kwa ziara ya miezi kadhaa ya maonyesho.

3. Aliyekalia kiti muda mrefu kuliko wote

Hapa mambo yanakuwa matamu.

Vierne alikaa Notre-Dame miaka 37. Si haba. Lakini mwalimu wake, Charles-Marie Widor, alianza kupiga kinanda cha Saint-Sulpice, ng'ambo ya pili ya mto Seine, mnamo Januari 1870, na hakuondoka mpaka mwisho wa 1933. Miaka 64 kasoro siku chache! Saint-Sulpice ni parokia, si kanisa kuu kama Notre-Dame, na kama tungebana mashindano haya kwa makanisa makuu tu, Widor angeenguliwa. Tunamruhusu, maana rekodi ya namna hii haiachwi nje ya lango.

Ipime kwa masultani wa Zanzibar. Widor alipoketi mara ya kwanza, aliyekuwa madarakani Unguja ni Majid bin Said. Akaja Barghash, akaja Khalifa bin Said, akaja Ali bin Said, akaja Hamad bin Thuwaini. Akaja Khalid bin Barghash, ambaye mwaka 1896 alitawala siku mbili tu. Akaja Hamoud bin Muhammed, akaja Ali bin Hamoud, na mwisho Khalifa bin Harub. Masultani tisa, mpiga kinanda mmoja. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi alipoanza, na lilifungwa mwaka 1873 yeye akiwa na uzoefu wa miaka mitatu. Alipostaafu, Wajerumani walikuwa wameshakuja Tanganyika, wakaitawala na kuondoka.

La kuchekesha kuliko yote ni kwamba Widor aliajiriwa kwa muda, na hakuna aliyewahi kumthibitisha kazini. Wafanyakazi wote wa mkataba wa muda, shujaa wenu ni huyu.

Mrithi wake, Marcel Dupré, alishika kuanzia 1934 hadi alipofariki mwaka 1971. Watu wawili, miaka 101. Olivier Messiaen naye alipiga kinanda cha kanisa la La Trinité, Paris, tangu 1931 hadi 1992, miaka 61, akakosa dhahabu kwa pua. Tukihesabu koo badala ya mtu mmoja mmoja, basi hakuna wa kuwagusa akina Couperin, waliorithishana kinanda cha kanisa la Saint-Gervais, Paris, tangu 1653 hadi 1826. Miaka 173, kiti kimoja, ukoo mmoja. Hata Widor anavua kofia.

Na ndani ya Notre-Dame kwenyewe rekodi ya Vierne imeshavunjwa. Olivier Latry aliteuliwa mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 23, mwaka ambao Mwalimu Nyerere alimkabidhi Mzee Mwinyi nchi. Kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024, Latry alikuwa bado kwenye kiti. Tanzania ilikuwa imeshafika kwa rais wake wa sita.

4. Usaili mgumu kuliko wote

Hatimaye Vierne anapata bao. Kiti cha Notre-Dame kilipobaki wazi mwaka 1900, walijitokeza wapiga kinanda wanaotajwa kufikia 50, na usaili ukafanywa kwa vitendo mbele ya majaji: kupiga kazi za mabwana wa zamani, na kubuni muziki papo hapo juu ya tuni ambayo mtahiniwa hajapata kuisikia. Tarehe 21 Mei 1900 kiti kikaenda kwa Vierne, kijana wa miaka 29, aliyekuwa msaidizi wa Widor pale Saint-Sulpice tangu 1892. Nafasi moja, waombaji 50. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya ajira za serikali ataona idadi hiyo ni ndogo, lakini yeye alisailiwa kwa vidole kumi na miguu miwili, na majibu ya maswali hayakuwahi kuandikwa popote.

5. Macho mabovu, masikio makali

Vierne alizaliwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji akiwa mtoto, akapata nuru ya kutosha kutambua watu na kusoma maandishi makubwa yaliyosogezwa karibu na uso. Akapelekwa katika taasisi ya taifa ya vijana wasioona, Paris, shule ileile ambayo Louis Braille alisoma na kufundisha. César Franck, mtunzi mkubwa wa zama hizo, alimsikia akiwa kijana na kumtia moyo, kisha akamchukua kwenye darasa lake la Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris. Franck akafariki Novemba 1890, wiki chache tu baada ya mwanafunzi wake mpya kuanza masomo rasmi. Widor akashika darasa.

Rekodi yenyewe ni ya shule. Kutoka taasisi hiyo moja walitoka Vierne, André Marchal, Gaston Litaize na Jean Langlais, wote wakashika vinanda vya heshima Paris. Langlais peke yake alikaa Sainte-Clotilde tangu 1945 hadi 1987. Hakuna timu ya shule iliyowahi kutoa wachezaji wengi wa ngazi hiyo kutoka bweni moja. Nishani inakwenda kwa shule, na Vierne ndiye nahodha kwa kuwa ndiye aliyewatangulia wote.

6. Ngazi ndefu kuliko zote

Vierne alitunga simfonia sita za kinanda. Kwa idadi, Widor anamshinda: ana kumi. Lakini mtu anayesoma noti kwa do-re-mi, kama wanakwaya wengi wa kwetu, na atazame mpangilio wa hizi sita. Ya kwanza iko katika D, ya pili E, ya tatu F kali, ya nne G, ya tano A, ya sita B. Ichukue D iwe do, uimbe: do, re, mi, fa, so, la. Simfonia sita, vidato sita vya ngazi, na zote ziko katika maina, hali ile ya muziki ya majonzi. Ya kwanza aliikamilisha 1899, ya sita 1930. Alitumia zaidi ya miaka 30 kupanda vidato sita, na ti haikupatikana. Sijui mtunzi mwingine wa kinanda aliyepanda ngazi kwa utaratibu wa namna hii, na kwa maoni yangu hii ndiyo rekodi yake nzuri kuliko zote.

Ya kwanza ina sehemu sita, nyingine tano tano. Ukiipiga ile ya kwanza yote, inakaribia dakika 40. Vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, vilichukua dakika 38 hivi. Yaani yule Sultan Khalid wa siku mbili angeweza kupoteza kasri, meli na kiti chake kabla Vierne hajamaliza sehemu ya mwisho. Sehemu hiyo, Final, ndiyo inayopendwa zaidi na wapigaji: miguu inanguruma na tuni chini, mikono inatiririka juu bila kupumua.

7. Mikosi mingi kuliko mtu mmoja anavyostahili

Rekodi hii hakuna anayeitaka. Tuipitie upesi kwa heshima.

Mwaka 1906 alitumbukia kwenye shimo lililochimbwa barabarani Paris akavunjika mguu vibaya. Mpiga kinanda bila mguu ni kipa bila mikono, na ilimbidi ajifunze upya kupiga vibao vya chini. Mwaka 1909 ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1911 nafasi ya kufundisha kinanda Conservatoire ilibaki wazi, na yeye aliyekuwa msaidizi wa darasa hilo kwa miaka 17 akarukwa, akapewa Eugène Gigout. Mwaka 1913 mwanawe André alifariki kwa kifua kikuu. Mwaka 1916 macho yakazidi kuharibika akaenda Uswisi kutibiwa, akakaa huko mpaka 1920. Mwaka 1917 mwanawe mwingine, Jacques, akafia jeshini akiwa na miaka 17. Tarehe 29 Mei 1918 ndugu yake René, naye mpiga kinanda na mtunzi, akauawa vitani.

Kwa ajili ya Jacques alitunga kwinteti ya piano na nyuzi, opus 42. Anayemjua Vierne kwa ngurumo za kinanda tu aitafute hiyo.

8. Kichwa chenye nafasi kubwa kuliko vyote

Mshindi ni Marcel Dupré, bila ubishi. Mwaka 1920 alipiga kazi zote za kinanda za Johann Sebastian Bach katika maonyesho kumi, pasipo karatasi hata moja mbele yake. Kariri simfonia moja ya Vierne uone. Kisha zidisha kwa mamia ya kurasa.

Dupré huyuhuyu ndiye aliyemshikia Vierne kiti cha Notre-Dame alipokuwa Uswisi. Baadaye akatangazwa huko nje kana kwamba mpiga kinanda wa Notre-Dame ni yeye, na urafiki wa bwana na mwanafunzi ukaisha hapo. Nilisema mwanzoni kuwa ugomvi haukosekani.

9. Kengele zilizosafiri mbali kuliko zote

Kati ya 1926 na 1927 Vierne alitoa vipande 24 katika mafungu manne. Kimoja, Carillon de Westminster, kimejengwa juu ya tuni ya kengele za saa ya Bunge la Uingereza, London, ileile inayopigwa na saa nyingi za ukutani hata majumbani mwetu. Alikitoa kwa heshima ya Henry Willis, mwunda vinanda wa London. Noti za kengele si sawasawa na za saa yenyewe. Wapo wanaosema Willis alimwimbia vibaya, wapo wanaosema Vierne alisikia vibaya. Iwe iwavyo, kinachukua dakika saba hivi, kinaanza kwa mnong'ono na kuishia kwa ngurumo ya kinanda kizima. Kwa kila dakika moja, hakuna kazi yake nyingine inayolipa zaidi.

10. Mwisho wa ajabu kuliko wote

Tarehe 2 Juni 1937, jioni, Vierne alipanda kwenye kinanda cha Notre-Dame kwa onyesho linalotajwa kuwa lake la 1,750 katika kanisa hilo. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania hucheza mechi 30 kwa msimu. Ili kufikisha mechi 1,750 ingehitaji misimu 58 na ushei. Huyu alifikisha katika miaka 37, huku minne kati ya hiyo akiwa kwenye matibabu Uswisi.

Pembeni yake alikaa mwanafunzi wake Maurice Duruflé. Vierne alipiga kazi yake, Triptyque. Ikabaki kubuni muziki papo hapo, kama ulivyokuwa mtindo wake wa kufunga onyesho. Akaletewa tuni iliyoandikwa kwa nukta za Braille, akaipapasa kwa vidole, akachagua sauti, kisha akainama mbele. Alikuwa amezimia, na hakuamka tena. Mguu wake ukatua kwenye kibao cha chini, noti ya E, na bomba likalia peke yake ndani ya kanisa lililojaa watu. Kwa muda mrefu alikuwa akisema anataka kufa akiwa kwenye kinanda chake. Widor alikuwa amefariki Machi 12 mwaka huohuo, akiwa na miaka 93. Ndani ya miezi mitatu Paris ilipoteza mwalimu na mwanafunzi.

Duruflé ndiye Vierne aliyemtaka awe mrithi wake. Kiti akapewa Léonce de Saint-Martin, naye akakikalia mpaka 1954 huku wapinzani wakinung'unika.

11. Kilichonusurika kwa tundu la sindano

Tarehe 15 Aprili 2019 moto uliteketeza paa la Notre-Dame na mnara wake mwembamba ukaanguka. Kinanda hakikuungua! Kilichokipata ni vumbi la madini ya risasi ya paa, lililotanda juu ya kila kitu. Kuanzia Agosti 2020 mafundi wakakifungua, wakashusha maelfu ya mabomba, wakasafisha, wakarudisha, wakalinganisha sauti bomba baada ya bomba. Tarehe 7 Desemba 2024, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda kiamke, mara nane, na kila mara kilimjibu kupitia mikono ya wapigaji wanne waliopokezana. Marais na wafalme walikaa kimya kukisikiliza.

Matokeo

Kwa ukongwe, dhahabu ni ya Titelouze. Kwa ukubwa wa mtambo, Wamarekani. Kwa muda kitini, Widor, na ukoo wa Couperin wapewe kombe la familia. Kwa kumbukumbu, Dupré. Vierne anabeba usaili, ngazi ya simfonia, maonyesho 1,750 na mwisho usio na mfano. Ukijumlisha nishani zote, bingwa wa jumla ni yeye. Atakayepinga aanze na Carillon de Westminster, aende kwenye Final ya simfonia ya kwanza, amalize na ya sita yote, kisha alete hoja. Na asisikilize kwa spika ya simu: noti ile ya bomba la futi 32 haitoki humo.